Kikosi cha 99: Marubani weusi walioingia vitani wakiwa katika majaribio

WAKATI Marekani ikijiandaa kuingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi lake la anga halikuwa na rubani hata mmoja mweusi. Hali hiyo haikutokana na upungufu wa vijana waliotaka kurusha ndege. Ilikuwa sera.

Kikosi cha 99 cha Ndege za Kivita, kilichoundwa Machi 1941, ndicho kilichovunja mwiko huo. Kilikuwa kikosi cha kwanza cha marubani weusi katika historia ya nchi hiyo, kikapigana katika anga za Afrika Kaskazini, Sicily, Italia na Ujerumani, na kikarejea nyumbani na tuzo tatu za heshima kubwa zinazotolewa kwa kikosi kizima. Lakini kabla ya hayo, nusura kiondolewe vitani kwa taarifa iliyoandikwa na kamanda ambaye kilikuwa chini yake.

Mzizi wa sera hiyo unaonekana wazi katika taarifa iliyoandaliwa mwaka 1925 na Chuo cha Vita cha Jeshi la Marekani. Maofisa walioiandika walidai kwamba mtu mweusi ana akili ndogo kuliko mzungu, ni mwoga, na hawezi kuaminiwa kuongoza wenzake vitani. Wakati huo tayari alikuwapo Mmarekani mweusi, Eugene Bullard, aliyekuwa amerusha ndege za kivita mwaka 1917, ila alifanya hivyo chini ya bendera ya Ufaransa. Nchi yake mwenyewe ilikuwa imemkataa.

Mfano mwingine ulikuwa karibu zaidi na Waafrika Mashariki. Mwaka 1935, Benito Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Ethiopia, rubani kutoka Chicago aitwaye John Robinson, mhitimu wa Chuo cha Tuskegee kilichoko Jimbo la Alabama, alisafiri hadi Addis Ababa na kujitolea kwa Mfalme Haile Selassie. Alikabidhiwa uongozi wa ndege chache za Ethiopia, nyingi zikiwa hazina silaha, akawa akizirusha kupeleka ujumbe na dawa huku ndege za Kiitalia zikimwinda. Robinson ni mmoja wa watu walioushawishi uongozi wa Tuskegee uanze kufundisha urubani.

Shinikizo ndani ya Marekani liliongezeka baada ya mwaka 1939, Serikali ilipoanzisha mpango wa kuwafundisha raia kurusha ndege. Magazeti ya watu weusi na vyama vya kutetea haki yalitaka mpango huo usiishie kwa raia. Januari 1941, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, Yancey Williams, aliifikisha Wizara ya Vita mahakamani akitaka apokewe katika mafunzo ya urubani wa jeshi. Mwezi huohuo wizara ikatangaza kwamba itaunda kikosi kimoja cha marubani weusi.

Kimoja tu, tena cha peke yake. Marubani, mafundi, makarani, wapishi na madaktari wote wangekuwa weusi, na uwanja wao wa mafunzo ungejengwa Tuskegee, katikati ya jimbo ambalo sheria zake ziliwatenga weusi na wazungu kuanzia mabasi hadi makaburi. Wapo watetezi wa haki waliopinga mpango huo, wakisema kupokea kikosi cha ubaguzi ni kuubariki ubaguzi wenyewe. William Hastie, mwanasheria mweusi aliyekuwa msaidizi wa Waziri wa Vita, alijiuzulu Januari 1943 kwa sababu hiyo hiyo.

Machi 29, 1941, mke wa Rais wa Marekani, Eleanor Roosevelt, alitembelea Tuskegee na kuomba arushwe na mwalimu mkuu wa urubani, Charles Anderson, maarufu kwa jina la Chief. Walinzi wake walipinga. Akapanda hata hivyo, na picha yake akiwa ameketi nyuma ya rubani mweusi huku akitabasamu ikasambaa magazetini. Hoja ya kwamba mtu mweusi hawezi kurusha ndege haikufa siku hiyo, lakini ilichekesha kidogo zaidi kuliko jana yake.

Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 13. Machi 7, 1942 waliohitimu walikuwa watano: Benjamin Davis, Lemuel Custis, Charles DeBow, George Roberts na Mac Ross. Idadi hiyo ndogo ilitokana na ugumu wa mafunzo, ambayo viwango vyake havikushushwa.

Kati ya hao watano, Davis ndiye aliyekuwa amekwishapikwa katika moto. Baba yake, Benjamin Davis Mkubwa, alikuwa jenerali wa kwanza mweusi katika Jeshi la Marekani. Yeye mwenyewe aliingia Chuo cha Kijeshi cha West Point mwaka 1932, na kwa miaka minne wanafunzi wenzake wazungu hawakumsemesha isipokuwa kwa mambo ya kikazi. Alilala peke yake chumbani na alikula mezani bila mtu wa kuzungumza naye. Walidhani ataondoka. Alihitimu mwaka 1936 akiwa wa 35 kati ya wahitimu 276, akaomba kujiunga na urubani, akakataliwa kwa maelezo kwamba hakuna kikosi cha weusi ambacho angeweza kupangiwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kukiongoza Kikosi cha 99. Marubani waliokuwa chini yake wamemkumbuka kuwa mkali, asiyecheka ovyo na asiyevumilia uzembe, kwa kuwa alijua kosa la kijana mmoja lingehesabiwa kuwa kosa la mamilioni.

Hadi mwishoni mwa mwaka 1942 kikosi kilikuwa tayari kwenda vitani. Hata hivyo, amri haikuja. Miezi ilipita marubani wakirudia mazoezi yaleyale juu ya mashamba ya pamba ya Alabama, huku makamanda wa ng'ambo wakionyesha wazi kwamba hawana haja nao. Hatimaye, Aprili 2, 1943, waliondoka Tuskegee kwa treni kwenda New York, na Aprili 24 meli ya Mariposa ikawashusha Casablanca, Morocco.

Walipelekwa kwanza Oued N'ja, karibu na mji wa Fez, ambako walikabidhiwa ndege mpya aina ya P-40. Ndege hiyo ilikuwa imara na ingeweza kukata kona kwa karibu, lakini ilizidiwa kasi na uwezo wa kupaa na ndege bora za Kijerumani, Messerschmitt 109 na Focke-Wulf 190. Waliokuwa wakiirusha walijifunza mapema kwamba hakuna faida ya kumkimbiza Mjerumani anayepanda juu. Unamgeuzia ubavu, unamkata ndani ya kona, unamsubiri ajisahau.

Tatizo kubwa halikuwa ndege bali uzoefu. Kikosi kipya cha wazungu kilipofika vitani kilikuwa na angalau maofisa wachache waliokwisha kupigana, ambao wangewaongoza vijana katika safari za mwanzo. Kikosi cha 99 hakikuwa na hata mmoja, kwa kuwa hapakuwa na rubani mweusi wa kivita aliyewatangulia. Davis mwenyewe alikuwa hajawahi kupigana angani. Afueni waliipata kwa Kanali Philip Cochran, mzungu aliyekuwa amepata sifa katika mapigano ya Tunisia, ambaye alikaa nao na kuwafundisha mbinu bila kinyongo.

Mwishoni mwa Mei walihamia Fardjouna, katika rasi ya Bon nchini Tunisia, wakawekwa chini ya Kundi la 33 lililoongozwa na Kanali William Momyer. Mapokezi hayakuwa mazuri.

Juni 2, 1943 ndiyo siku waliyoingia vitani rasmi. Luteni William Campbell, Charles Hall, Clarence Jamison na James Wiley walipangwa kuruka kama wafuasi wa marubani wazoefu wa Kundi la 33 katika mashambulizi ya Kisiwa cha Pantelleria, ngome ya Kiitalia iliyoko baharini kati ya Tunisia na Sicily. Hawakukutana na ndege ya adui. Siku saba baadaye, Juni 9, marubani sita wakiongozwa na Luteni Charles Dryden ndio waliokutana na Wajerumani kwa mara ya kwanza. Wote sita walirudi salama. Juni 11 Pantelleria ilisalimu amri, ikiwa karibu yote imevunjwa nguvu kwa mabomu ya ndege.

Kisha ikaja Julai 2. Siku hiyo kikosi kilikuwa kikizisindikiza ndege za mabomu aina ya B-25 kwenda kupiga uwanja wa Castelvetrano, Sicily. Luteni Hall, kijana wa Indiana, ambaye ilikuwa safari yake ya nane, aliziona Focke-Wulf mbili zikizifuata ndege za mabomu. Akajipenyeza katikati, akageuka ndani ya kona yao na kufyatua risasi mfululizo. Moja ilipinduka na kuanguka. Akaifuata kwa macho hadi alipoliona vumbi likipanda ardhini.

Wenzake walikuwa wamehifadhi chupa moja ya Coca-Cola kwa ajili ya yeyote atakayekuwa wa kwanza kuangusha ndege ya adui. Soda ilikuwa adimu jangwani kuliko mvinyo. Ilipozwa kwa barafu iliyotafutwa kwa taabu, naye Hall akainywa mbele ya wenzake. Jenerali Dwight Eisenhower, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Washirika katika eneo hilo, alikuwa miongoni mwa wakubwa waliofika siku hiyo kumpongeza.

Si wote walioishangilia soda ile kwa moyo mweupe. Luteni Sherman White na James McCullin waliondoka na wenzao siku hiyo na hawakurejea. Ndio waliokuwa marubani wa kwanza wa kikosi hicho kupotea vitani.

Baada ya Sicily kuvamiwa Julai 10, kikosi kilihamia Licata kusini mwa kisiwa hicho. Kazi kubwa waliyopewa ilikuwa kushambulia malori, madaraja na mizinga ya adui iliyoko ardhini, pamoja na kulinda meli. Kwa kazi hiyo, rubani huziona ndege za adui kwa nadra. Jambo hilo ni la kukumbukwa, kwa sababu ndilo lililogeuzwa kuwa hoja dhidi yao.

Septemba 1943 Davis aliitwa Marekani kwenda kuliongoza kundi kubwa zaidi la marubani weusi, Kundi la 332, na nafasi yake ikachukuliwa na George Roberts. Alipofika nyumbani alikuta taarifa ya Momyer imemtangulia. Kanali huyo aliandika kwamba Kikosi cha 99 hupanga safu vizuri hadi kinaposhambuliwa, kisha husambaratika. Kwamba marubani wake hawana moyo wa kupigana. Na kwamba hakifikii kiwango cha vikosi vingine vya kundi lake. Wakubwa wake walioipokea taarifa hiyo waliiunga mkono. Kilichopendekezwa ni kukiondoa kikosi katika mstari wa mbele na kukipangia doria za pwani. Kama hilo lingekubaliwa, safari ya Kundi la 332 na ya kila kijana aliyekuwa bado Tuskegee ingeishia hapo.

Habari zikavuja. Jarida la Time la Septemba 20, 1943 liliandika juu ya utata huo, na familia za marubani zikasoma kwamba watoto wao wanadhaniwa kuwa waoga. Mke wa Davis, Agatha, aliliandikia jarida hilo kulalamika.

Oktoba 16, 1943 Davis alisimama mbele ya kamati ya Wizara ya Vita. Hakupaza sauti na hakumtuhumu mtu kwa ubaguzi. Alikiri kwamba katika safari za mwanzo vijana wake walifanya makosa, kama wageni wote wa vita. Akaeleza kwamba kikosi hakikuwa na wazoefu wa kukiongoza, kwamba kilipigana kikiwa na marubani wachache kuliko vikosi vingine kwa kuwa waliopotea hawakuletewa mbadala kwa wakati, na kwamba kwa sababu hiyo kila rubani aliruka mara nyingi zaidi, pengine mara kadhaa kwa siku. Watu hao, alisema kwa maana hiyo, hawawezi kuitwa wasio na moyo.

Kamati iliamua kusubiri. Jeshi likafanya uchunguzi wa kulinganisha rekodi za Kikosi cha 99 na za vikosi vingine vilivyotumia P-40 katika eneo hilohilo la vita. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1944 hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana.

Lakini kabla ya wachunguzi kumaliza hesabu zao, marubani wenyewe walikuwa wamekwishajibu.

Oktoba 1943 kikosi kilikuwa kimehamishiwa Kundi la 79 chini ya Kanali Earl Bates, na hapo mambo yakabadilika. Bates aliwachukulia kama kikosi chake cha nne. Marubani weusi na wazungu walianza kupangwa katika safari moja, wakijadiliana mbinu, wakilindana mikia. Sera ya Washington ilibaki ileile. Kilichobadilika ni kamanda mmoja na uwanja mmoja wa tope nchini Italia.

Januari 22, 1944 majeshi ya Washirika yalitua pwani ya Anzio, kusini mwa Roma, na Wajerumani wakaleta ndege nyingi kuyashambulia. Kikosi cha 99, kilichokuwa Capodichino karibu na Naples, kilipangiwa kulinda anga la ufukwe huo. Januari 27 marubani wake waliziona Focke-Wulf zikishuka kuzipiga meli, wakazirukia kutoka juu. Hadi jioni ya siku iliyofuata walikuwa wameangusha zaidi ya ndege 10 za adui. Hall peke yake aliangusha mbili Januari 28. Miongoni mwa waliopata ushindi alikuwamo Custis, mmoja wa wale watano wa darasa la kwanza. Luteni Samuel Bruce hakurudi.

Kwa siku hizo mbili kikosi kilipata ushindi mwingi kuliko katika miezi yote saba iliyotangulia. Sababu haikuwa ujasiri mpya. Safari hii walipangwa mahali ambapo adui alikuwapo.

Mei 1944 waliyashambulia maeneo ya Monte Cassino, ambako njia ya kuelekea Roma ilikuwa imezibwa kwa miezi kadhaa. Tuzo ya kwanza ya kikosi ilikuwa ya mapigano ya Sicily. Ya Cassino ikawa ya pili.

Julai 1944 Kikosi cha 99 kiliunganishwa na Kundi la 332 la Davis huko Ramitelli, pwani ya mashariki ya Italia. Kwa mtu wa nje hiyo ingeonekana habari njema: weusi wote pamoja, chini ya kamanda wao. Wakongwe wa Kikosi cha 99 hawakuipokea hivyo. Walikuwa wamezoea kuruka na Kundi la 79 kama watu sawa, na waliona wanarudishwa katika kitengo cha watu weusi pekee. Nao vijana wa vikosi vya 100, 301 na 302 waliwaona wakongwe hao kuwa wenye majivuno. Ilichukua muda manung'uniko kutulia.

Ndege nazo zilibadilika. Walipewa P-51 Mustang, ndege yenye kasi na uwezo wa kwenda mbali kuliko zote walizowahi kurusha, wakazipaka mikia rangi nyekundu. Kazi ikawa kuzisindikiza ndege kubwa za mabomu kutoka Italia hadi katikati ya Ulaya na kurudi. Davis alikuwa na amri moja isiyojadiliwa: rubani asiiache ndege ya mabomu ili kukimbiza adui kwa kutafuta sifa.

Kutokana na nidhamu hiyo ilizaliwa hadithi kwamba Mikia Myekundu haikuwahi kupoteza hata ndege moja ya mabomu iliyoisindikiza. Hadithi hiyo ilirudiwa kwa zaidi ya miaka 60, magazetini na katika hotuba. Si kweli. Mwanahistoria wa Jeshi la Anga la Marekani, Daniel Haulman, alipopekua rekodi za kila safari alizikuta ndege 27 zilizoangushwa na ndege za adui zikiwa chini ya ulinzi wao, nyingi kati ya hizo katika siku moja, Julai 18, 1944, karibu na Memmingen, Ujerumani. Wastani wa makundi mengine ya usindikizaji katika jeshi hilohilo la anga ulikuwa ndege 46. Baadhi ya wakongwe hawakuufurahia ugunduzi huo, ingawa namba hizo zinawasifu kuliko hadithi, maana zinaweza kuthibitishwa.

Machi 24, 1945 kundi zima liliruka hadi Berlin na kurudi, safari ya takriban kilomita 2,500, likizisindikiza ndege zilizokwenda kupiga kiwanda cha vifaru cha Daimler-Benz. Huko walikutana na Messerschmitt 262, ndege mpya za Kijerumani zenye injini za jeti ambazo kasi yake ilizizidi Mustang kwa mbali. Marubani wa Kikosi cha 100 waliangusha tatu. Safari hiyo ililipatia kundi tuzo, ambayo kwa Kikosi cha 99 ilikuwa ya tatu.

Hadi vita vinamalizika barani Ulaya Mei 1945, vikosi vyote vinne vilikuwa vimeangusha ndege 112 za adui. Kati ya marubani 355 wa Tuskegee waliopelekwa ng'ambo, zaidi ya 60 walikufa na zaidi ya 30 walitekwa. Baadhi ya waliotekwa walisimulia baadaye kwamba katika kambi za Wajerumani walilala na kula pamoja na maofisa wazungu wa nchi yao, jambo ambalo jeshi lao wenyewe halikuwaruhusu.

Waliorejea kwa meli walizikuta bandarini njia mbili za kushukia, moja ya wazungu na nyingine ya weusi.

Julai 26, 1948 Rais Harry Truman alitia saini amri ya kuondoa utengano katika majeshi. Davis aliendelea kupanda vyeo, akawa jenerali wa kwanza mweusi wa Jeshi la Anga mwaka 1954, na Desemba 1998 Rais Bill Clinton akamvisha nyota ya nne akiwa mstaafu. Alifariki Julai 4, 2002. Machi 29, 2007 Rais George W. Bush aliwakabidhi wakongwe wa Tuskegee Nishani ya Dhahabu ya Bunge, akawapigia saluti.

Kuna jambo moja lililochelewa zaidi. Mei 1949, Jeshi la Anga liliandaa huko Las Vegas mashindano yake ya kulenga shabaha kwa ndege, na timu ya Kundi la 332 ikashinda katika daraja la ndege za pangaboi. Miezi michache baadaye kundi hilo lilivunjwa na marubani wake wakatawanywa katika vikosi mchanganyiko. Katika kitabu cha kumbukumbu za jeshi, mbele ya mwaka 1949, kwa miaka mingi paliandikwa kwamba mshindi hajulikani. Kombe lenyewe lilipatikana mwaka 2004 katika ghala la makumbusho ya Jeshi la Anga mjini Dayton, Ohio, likiwa na majina ya washindi.